Piga, Acha

Umeme ulikatika saa kumi alfajiri,
mvua ya Agosti ikigonga bati kama mwenye deni lake,
na ng'ombe arobaini na wawili wakasimama topeni,
viwele vimejaa,
wakinitazama mimi, si mbingu.

Umeme ukienda, trekta ndilo huzungusha pampu ya kukamulia.
Nikapiga stata. Likakohoa. Nikapiga tena.
Likatoa moshi mweupe kidogo, likanyamaza
kama shahidi aliyelipwa.

Tangi lilikuwa kavu. Kavu hadi kwenye kutu.
Nikanyonya lita ishirini kutoka pikapu ya mama, kwa mpira na mdomo,
nikatema dizeli, nikatema tena, ladha haitoki.
Lakini dizeli ya tangini si dizeli ya kwenye injini:
katikati pana hewa,
na hewa haiwaki,
hewa hubonyea tu kama godoro, pampu isukume isisukume.

Olegario alikuja bila kuitwa, kurunzi kichwani.
Kaka yangu. Siku ya tisa hatusemezani,
tangu watu wa kiwanda cha karatasi walipofika kutoka Durazno
na bahasha, wakitaka konde la chini wapande mikalitusi.
Yeye akasema ndiyo, ameketi mezani.
Mimi nikasema hapana, nimesimama mlangoni.
Mama akaondoa sahani zote, hata zenye chakula.

Akanipa spana namba kumi na tatu. Kimya.
Nikalegeza skrubu juu ya chujio,
yeye akabonyeza pampu ndogo kwa kidole gumba,
kwik, kwik, kifaranga aliyekanyagwa.
Likatoka povu. Povu tupu, lenye hasira,
kisha povu na mafuta,
kisha mafuta yenye punjepunje za hewa,
kisha uzi mmoja, mnyoofu, wa manjano kama mkojo wa ndama.
Nikakaza.

Halafu nozeli. Hapo mtu mmoja hatoshi:
mmoja huketi kwenye usukani na ufunguo,
mwingine huinama na spana juu ya nati,
na ni lazima waseme.

"Piga," nikasema.
Neno la kwanza tangu Jumanne ile.
Stata ikazunguka, nati ikatema.
"Acha."
Nati ya pili. "Piga." "Acha."
Ya tatu kaidi, inafoka hewa na hewa na hewa,
taa ya dashibodi inafifia.
"Betri inakufa."
"Piga tu."
Dizeli ikaniruka shavuni, ya baridi,
nikakaza nikiwa nimefumba jicho moja.

Ya nne hatukuifikia. Injini ilishika yenyewe,
kwa mitungi mitatu, ikichechemea,
nikaikaza hiyo nati huku mkono ukitetemeka hadi begani,
na mtungi wa nne ukaingia
kama mtu aliyechelewa misa, akitafuta pa kukaa.

Mkanda ukazunguka. Mabomba yakavuta.
Pintada akaingia wa kwanza, hakusukumwa,
maziwa yakapiga kioo.

Olegario akafuta mikono kwa gazeti la minada.
"Nani aliacha tangi likauke?"

Pipa la dizeli liko bandani kwake,
ufunguo wa banda mfukoni mwake.
Ningepaswa kubisha hodi. Ningepaswa kusema tafadhali.
Kila jioni niliona afadhali kesho.

"Mimi."
"Najua," akasema. "Nilikuwa nahesabu saa ulizolitumia.
Nilijua litazima leo au jana."

Na ufunguo alikuwa nao.

Habari ya konde hatukuigusa.
Akauweka ufunguo juu ya boneti,
akaenda kuchemsha maji ya yale majani machungu
tunayofyonza kwa mrija, kibuyu kimoja, watu wote.
Nilikamua hadi mvua ikachoka.
Nilipourudia, chuma kilikuwa kimeshika joto la injini,
nikauchukua kwa upindo wa aproni.